Kabla hujamwaga mafuta ya karai kwenye sinki

Mkahawa wangu wa vyakula vya Pwani hapa Nairobi ulifungwa siku nne mwezi wa Julai, na kilichoufunga ni mafuta niliyokuwa nikiyamwaga mwenyewe. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefungua jiko la biashara, iwe hoteli, kibanda cha chipsi au jiko la kupikia sherehe, mahali ambapo maji taka yanapita kwenye bomba la jiji. Mimi sikupata wa kuniambia.

Nimezaliwa Malindi. Kwetu, mafuta ya kukaangia ukiyaacha karaini usiku kucha, asubuhi unayakuta majimaji vilevile. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai hata sinki la chuma linauma mkono. Mafuta yale yale tunayonunua kwa madebe, yakipoa huku yanakuwa meupe na magumu kama mshumaa. Nilikuwa nikiyaona yameganda karaini kila asubuhi. Sikuwahi kujiuliza yanafanyaje ndani ya bomba.

Kila usiku, tukishamaliza viazi karai, bajia na samaki wa kukaanga, kijana wa jikoni alimimina masalio kwenye sinki, akafuatisha birika la maji moto na sabuni. Maji yaliteremka, tukafunga. Kumbe maji moto hayayamalizi mafuta. Yanayasindikiza mbele kidogo tu, mpaka pale yanapopoa, na hapo mafuta yanashika ukuta wa bomba. Kesho yanaongezeka mengine juu yake. Sabuni nayo inayachanganya na maji kwa muda, kisha yanaachana tena huko mbele, mbali na macho yako.

Jumanne moja asubuhi fundi cherehani wa mlango wa pili alinijia. "Dada, hebu njoo uone." Manholi ya nyuma, lile shimo lenye mfuniko la kuingilia bomba la maji taka, ilikuwa imefurika, maji ya kijivu yakapenya chini ya mlango wake, na magauni ya harusi ya wateja aliyokuwa ameyapanga chini kwenye mifuko yalikuwa yameloa. Hakunigombeza. Alikuwa ameshika gauni moja kwa ncha za vidole, analitazama tu.

Fundi wa mabomba alisukuma vyuma vyake tangu saa tatu hadi saa saba mchana. Alichotoa kilikuwa donge refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, jeupe lililofifia, gumu kwa nje. Alipolipasua kwa sepetu, ndani mlikuwa na punje za wali, nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, na kipande cha kitambaa kile chenye unyevu cha kupangusia watoto. Lilinuka kama sabuni iliyooza. Na kwa kweli ni sabuni ya namna yake: mafuta yakikaa muda mrefu hukutana na chokaa iliyomo kwenye maji na kwenye saruji ya mabomba, yakageuka kitu kinachokaribia jiwe. Jijini London mwaka 2017 lilipatikana donge la aina hiyo chini ya mtaa wa Whitechapel, urefu wa mita 250 na uzito wa tani kama 130. Langu lilikuwa dogo, lakini lilitosha kuharibu magauni ya watu.

Ofisa aliyekuja kukagua alinifungulia Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, kwenye jedwali la maji yanayoruhusiwa kuingia bomba la umma. Tulikaa kwenye meza ya wateja akanieleza mstari kwa mstari, na mpaka leo namshukuru.

Kuna kipimo kinaitwa BOD. Ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu wanahitaji ili kuula uchafu uliomo majini, kwa muda wa siku tano. Kwa kanuni hizo za 2006, maji yakienda moja kwa moja mtoni, kipimo hicho hakikutakiwa kuzidi miligramu 30 kwa lita. Yakienda kwenye bomba la jiji, kiliruhusiwa hadi 500. Nikauliza, mbona kubwa hivyo? Akasema kwa sababu huko mwisho wa bomba kuna vijidudu wanaosubiri kula. Jiji linakubali kupokea chakula cha vijidudu hao, halikubali kitu kinachowaua au kuwaziba pumzi. Ndiyo maana mafuta, hata kwa kipimo kilicholegea kuliko vyote katika jedwali hilo, hayakutakiwa kuzidi miligramu 10 kwa lita. Ndiyo maana maji hayakutakiwa kuwa na moto wa zaidi ya nyuzi 35, wala kuwa makali ya tindikali au magadi hadi kutoka nje ya 6 hadi 9 kwenye pH, mizani inayopima ukali huo. Na kulikuwa na vitu ambavyo kipimo chake ni sufuri: viyeyusho vinavyoshika moto, mabaki ya mionzi, kabaidi. Hiyo kabaidi wachomeleaji wengi wanayo, na wako wanaoivishia ndizi. Ikikutana na maji inatoa gesi inayolipuka, na ndani ya bomba lililofungwa gesi hiyo haina pa kutokea.

Sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi inakwenda kwenye mabwawa ya Dandora, yaliyoko Ruai. Hakuna mtambo wa miujiza kule. Kazi inafanywa na bakteria, mwani, jua na upepo, maji yakihama taratibu kutoka bwawa hadi bwawa. Mafuta yakitanda juu yanazuia mwanga na hewa, na wafanyakazi wale wadogo wanakufa. Maji yanayotoka pale yanaingia Mto Nairobi, ukakutana na Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki. Sabaki inamwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi, pale pale ambapo wakati wa mvua bahari yetu inageuka nyekundu kwa udongo. Nilinyamaza ofisa aliponionyesha hivyo kwenye ramani ya simu yake. Nilimfikiria mjomba wangu na nyavu zake.

Nilichofanya ni kuweka sanduku la kunasia mafuta nje ya ukuta wa jiko, kati ya sinki na manholi. Ni kitu rahisi. Maji yanaingia, yanatulia, yanapoa. Mafuta yanapanda juu, mabaki ya chakula yanazama, na bomba la kutokea linachota maji ya katikati. Kosa ninaloliona kwa wenzangu ni kununua dogo kupita kiasi, maji yakapita mbio bila kutulia. Kosa la pili ni kuliweka kisha kulisahau. Mafuta na tope vikifika robo ya kina chake, halinasi tena. Sisi tunalifungua kila Jumamosi, tunaengua kwa upawa mkuukuu, tunachanganya na majivu, tunafunga, tunatupa na taka kavu. Usilimwagie maji ya kuchemka ili "lijisafishe", maana hapo unarudia ujinga wangu. Na choo kisiunganishwe nalo hata siku moja.

Mafuta ya karai yenyewe hayagusi sinki kabisa. Yakipoa yanakwenda kwenye dumu. Wapo wanaoyanunua kutengenezea sabuni na dizeli, lakini mjue mnunuzi wako, yasije yakarudi kwenye karai la mtu mwingine akawalisha watoto. Sufuria zipanguse kwa karatasi kabla ya kuoshwa.

Jambo ambalo nusura linipite ni mvua. Aliyejenga lile jengo aliunganisha mfereji wa paa na bomba la maji taka, na wapangaji wote tulidhani ndivyo inavyotakiwa. Sivyo. Bomba hilo limepimwa kwa maji ya sinki, bafu na choo. Masika yakiingia humo, manholi zinafumuka mtaa mzima na kinyesi kinaelea barabarani. Ukiona paa lako linatiririkia huko, mwambie mwenye nyumba, na mwambie kwa maandishi.

Wenye saluni, nywele zichujwe. Wenye kuosha magari, mchanga na oili vinaswe kwanza. Nepi, pedi na vitambaa vya unyevu ni vya pipa la taka, hata kama pakiti inadai vinginevyo. Na kumbuka kuwa sehemu nyingine za Nairobi watu huziba manholi ili maji taka yafurike, wayamwagilie sukuma wiki. Kemikali uliyoimwaga kwa siri kwenye sinki inaweza kukurudia sahanini.

Kabla hujatia sahihi ya kupanga jiko, omba manholi ifunuliwe mbele yako, mwaga ndoo mbili za maji kwenye sinki, usimame pale utazame yanatokea wapi na yanakwenda upesi kiasi gani. Kisha nenda ofisi ya kampuni ya maji uulize viwango vya sasa na kibali unachohitaji. Ni kazi ya asubuhi moja.