Kisima cha karibu na bahari kimeanza chumvi, nichimbe zaidi?

Usichimbe, mkuu. Fundi anayekushauri uongeze kina anafikiria visima vya bara. Pwani, maji baridi (yasiyo na chumvi) huelea juu ya maji chumvi kwa kuwa ni mepesi (msongamano 1.000 kwa 1.025), kwa hiyo ukishuka unaifuata chumvi iliko.

Anza na usawa wa maji. Zima pampu usiku kucha, asubuhi shusha futi kamba, halafu mpima ardhi akupe kimo cha mdomo wa kisima kutoka usawa wa wastani wa bahari. GPS ya simu haifai hapa, utaona sababu. Mdomo ukiwa mita 6.20 juu ya bahari na maji yakiwa mita 5.70 chini ya mdomo, una nusu mita. Zidisha kwa 40 (1.000 gawanya kwa tofauti ya msongamano, 0.025): chumvi iko kama mita 20 chini ya usawa wa bahari. Kosa la sentimita 10 tu limeshakupotosha mita 4. Tena mpaka wenyewe ni tabaka la mchanganyiko, kwa hiyo ladha huharibika kabla hujaufikia.

Tuseme kitako cha kisima kiko mita 8 chini ya bahari. Nafasi iliyobaki ni mita 12. Pampu ikivuta, chumvi huinuka chini ya kisima kama kichuguu, na ikiachwa ivute muda mrefu inaweza kupanda mara 40 ya kile maji yalichoshuka. Wengi huweka ukomo wa theluthi ya nafasi: mita 4, yaani maji yashuke sentimita 10 basi. Ndiyo maana pampu ndogo ya kutwa nzima hushinda kubwa ya saa moja.

Kipimo cha EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, unaopanda chumvi ikizidi) kisanifishe kwa mmumunyo wa 1413 µS/cm, upime maji ya kisima kila wiki bahari ikiwa katika hali ileile, kwani kujaa na kupwa huyumbisha namba, hasa bamvua. Pima pampu inapowashwa na kabla ya kuizima. EC ikipanda kati ya vipimo hivyo viwili, chumvi inatoka chini.

Maabara waombe wapime kloridi (sehemu ya chumvi) na nitrati (dalili ya uchafu wa choo). Bahari ina kloridi kama miligramu 19,000 kwa lita, hivyo asilimia 2 yake tu huongeza 380, na ulimi huanza kugundua kwenye 250. Nitrati ikiwa juu pia, kagua vyoo vya jirani kabla ya kuilaumu bahari.

Chumvi ikishapanda, kuinua pampu peke yake hakusaidii sana kama chujio la chini (sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingiza maji) bado liko wazi. Zibeni mita za chini kwa saruji, ndipo mpunguze kasi ya kuvuta.