Mabango ya Kisovieti: ziba maandishi kwanza

Mi nilianza vibaya na haya mabango ya Warusi ya miaka ya 1920. Nilikuwa nayasevu tu kwenye simu, nikiona nyekundu na nyeusi nasevu, mamia, alafu ukiniuliza hata moja linafanyaje kazi sina jibu. So chagua moja, kaa nalo.

Anza na lile la msanii El Lissitzky la wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wekundu (Wabolsheviki) na Weupe (wapinzani wao). Pembetatu nyekundu imechoma duara jeupe, basi. Hujui Kirusi? Safi, ziba maneno na kidole uone kama bado unajua nani anampiga nani. Utajua, maana watu wengi kule enzi hizo hawakuwa wanajua kusoma na bango lilitakiwa liongee nao hivyohivyo.

Alafu hesabu rangi, mara nyingi mbili, tatu. Nilidhani ni swaga tu kumbe karatasi na wino vilikuwa vya shida, na yale ya ROSTA, shirika la habari la serikali, yaliyokuwa yanawekwa kwenye madirisha ya maduka matupu Moscow, ambayo mshairi Mayakovsky mwenyewe alikuwa anachora, yalikuwa yanatolewa nakala kwa mkono kwa stensili za kadibodi, na stensili haikubali mambo ya vivuli.

Hilo sikulielewa mpaka nilipochukua manila na wembe nikajaribu kukopi lile la msanii Rodchenko la 1924, yule dada anayeita "Vitabu!" mkono mdomoni. Nilirudia mara nne. Ndo nikagundua herufi zinapanuka kadiri zinavyotoka mdomoni, yani sauti unaiona, na kwenye simu nilikuwa nimelipita hilo miezi na miezi. Kata karatasi jamani, hata kama hujui kuchora.

Maandishi nayo yatafute maana yake baadaye, usiyaache. Msanii Klutsis alikuwa fundi kwelikweli wa kuunganisha picha, akamtukuza Stalin kwa kazi zake, na 1938 utawala huohuo ukampiga risasi. Mi nayatazama mabango yake nikiwa nalijua hilo, na inauma.

La msanii Moor, la njaa ya 1921 kule mto Volga, ndo naliweka juu ya yote. Giza tupu, mzee mkulima na shati jeupe, mikono juu, nyuma yake suke, chini neno moja: Saidia. Usiliangalie kwenye simu. Printi kubwa, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi.