Kuni, Samaki na Usalama wa Akina Mama Waliofurushwa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliofurushwa na mafuriko huku Nyando, na hadi leo tunaishi katika mahema. Kuni tunazitafuta mbali, kando ya mto na kwenye mashamba ya miwa, na wenzetu wawili wameshavamiwa huko. Mfadhili mmoja ameahidi kutuletea majiko yanayotumia kuni kidogo, ila baadhi yetu wanasema ni afadhali tupewe mtaji wa kuuza samaki. Tuanze na lipi?
*Mwenyekiti, Nyando*

JIBU: Dada Mwenyekiti, poleni sana kwa yaliyowapata wenzenu. Naomba kila mwanakikundi ajue kwamba mtu akibakwa anapaswa kufika hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi zikianzwa baada ya hapo. Asioge kwanza, na nguo alizokuwa amevaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu unaoharibu ushahidi. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ina kitengo cha kuwahudumia walionusurika.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenu. Kabla ya kumjibu mfadhili, ketini faraghani nyinyi akina mama peke yenu, mwulizane ni nani hutafuta kuni, hutoka saa ngapi, hupitia wapi, na kuni zile huzipikia au huziuza. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo linaloamua kama jiko litamsaidia mtu. Mama anayetafuta kuni za kupikia atapunguza safari zake akipata jiko zuri, lakini yule anayebeba mzigo wa kuni hadi sokoni ili apate unga wa jioni atarudi kule kule hata akigawiwa majiko matatu, kwa kuwa kinachompeleka huko ni njaa.

Tulikwisha kulipata funzo hili nchini mwetu Kenya. Katika kambi za Dadaab, mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilianza kuwagawia wakimbizi kuni ili wanawake wasiende porini. Tathmini iliyofanywa baadaye ilionyesha kuwa ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua katika vipindi ambavyo kuni ziligawiwa vizuri, lakini ubakaji katika mazingira mengine ukaongezeka, na isitoshe kuni hizo zilikidhi sehemu ndogo tu ya mahitaji ya familia. Mradi ule haukuwa bure, ila wahalifu walikuwa bado wapo, na mwanamke alikuwa bado hana kitu mkononi.

Kwa hivyo yapokeeni majiko, lakini mwombeni mfadhili awafundishe pia kuyatengeneza na kuyauza. Jiko la upesi, lile lenye kiini cha udongo uliochomwa kinachozungushiwa matope, limefinyangwa na vikundi vya wanawake wa magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, na linaweza kuwa riziki ya wale wanaouza kuni. Lihitajini likiwa na mafunzo ya upishi, kwani jiko bora likilishwa kuni mbichi hutoa moshi tu: kuni zipasuliwe nyembamba na kuanikwa, maharagwe yalowekwe usiku kucha, na chungu kikishachemka vizuri kihamishiwe ndani ya kapu lililojazwa matambara ili chakula kiive chenyewe bila moto. Huko kwenu viwanda vya miwa haviko mbali, kwa hivyo ulizeni pia kuhusu makaa yanayoundwa kwa makapi ya miwa. Lakini makaa ya aina yoyote yasiwashwe ndani ya hema lililofungwa, kwani hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu samaki, nawasihi mwende kwa tahadhari. Mnajua jinsi desturi ya jaboya ilivyo katika fuo za Ziwa Victoria, ambapo mvuvi humnyima mchuuzi samaki hadi akubali kulala naye, na mwanamke aliyepoteza kila kitu ndiye rahisi kubanwa zaidi. Mtaji wa kununua samaki peke yake hauondoi kubanwa huko, kwa sababu mwenye mashua ndiye huamua atamwuzia nani. Katika ufuo wa Nduru, kaunti ya Kisumu, akina mama walipata mashua zao wenyewe katika miaka ya 2010, wakawaajiri wavuvi, na samaki wakawa wao, hadi mafuriko ya mwaka 2020 yalipowafurusha wakazi. Kama mfadhili hawezi mashua, mimi ningeomba mtaji wa biashara inayofanyika mchana, karibu na mahema, na kwa zamu ya watu wawili wawili.

SWALI: Tulihamia Nakuru baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Tangu nianze kuuza mboga kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka akiba, mume wangu hunipokonya pesa na kunipiga. Niache biashara?
*Mama Mboga, Nakuru*

JIBU: Usiiache, mama. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili, sawa na kipigo, na unaweza kuiomba mahakama ikupe amri ya kukulinda. Piga simu 1195, ya msaada kwa wanaotendewa ukatili wa kijinsia, ambayo haitozwi pesa, uelekezwe pa kuanzia, na upige ukiwa mbali naye, kwa simu ambayo haikagui. Kwa sasa mwombe mweka hazina wa chama akuwekee faida yako huko huko, ili usiingie nyumbani jioni na pesa mfukoni.