Sentensi moja ya Kichina kwa siku: majibu kwa wanaojizoeza kutafsiri

Barua nyingi safari hii ni za wanafunzi wa Kichina wanaotafsiri sentensi za habari kwenda Kiingereza ili wapate mazoezi na msamiati. Nimechagua tano.

Mwalimu, shikamoo. Nimefaulu HSK 4, daraja la nne la mtihani wa Kichina, lakini nikifungua habari za Xinhua, shirika la habari la China, naokota neno hapa na pale tu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hujakosea popote. HSK 4 ya mfumo wa zamani ina maneno 1,200, na mengi ni ya nyumbani, dukani na darasani. Habari zina maneno yake: 举行 (kufanyika, kwa mkutano au sherehe), 表示 (kusema, anaposema kiongozi), 截至 (hadi kufikia tarehe fulani), 同比 (ikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliopita). Hayo utakutana nayo kila siku ya Mungu.

Achana na habari nzima. Chukua sentensi ya kwanza peke yake, maana humo ndimo mwandishi hupakia nani, lini, wapi na nini. Iandike kwa mkono kwenye kaunta buku, itafsiri, kesho yake uirudie bila kutazama ulichoandika. Sentensi moja iliyoeleweka mpaka mwisho ina faida kuliko kurasa tatu ulizozipitia juu juu.

Nilitafsiri 蒙内铁路 kuwa reli ya Mongolia ya Ndani, na hati ikarudishwa na alama nyekundu. Kwani 内 na 蒙 si Mongolia ya Ndani? (Msomaji, Nairobi)

Pole sana, ndugu yangu. Mongolia ya Ndani hufupishwa 内蒙. Wewe uliandikiwa 蒙内, yaani Mombasa (蒙巴萨) na Nairobi (内罗毕), reli iliyozinduliwa mwaka 2017. Mpangilio ukigeuka, umehama bara.

Kichina hakina herufi kubwa wala nafasi kati ya maneno, kwa hiyo jina hujificha ndani ya sentensi kama neno lolote lile. Mwanafunzi wangu mmoja alikwama kwenye 达累斯萨拉姆. Herufi ya pili, 累, ikisimama peke yake ni "kuchoka", naye akawa anatafuta ni nani aliyechoka katika habari ya bandari. Lilikuwa jina la Dar es Salaam. Angalia pia 中非: kwenye FOCAC, jukwaa la ushirikiano wa China na Afrika, maana yake ni China na Afrika, kwingine ni kifupi cha Jamhuri ya Afrika ya Kati. Maneno ya jirani ndiyo yatakayokuambia. Tenga ukurasa wa majina ya nchi na miji yetu kwa Kichina, na vifupisho vyake pembeni.

Sentensi ndefu zenye 的 zinanishinda. Halafu kichwani napitia Kiswahili kwanza ndipo nafika kwenye Kiingereza. Ni vibaya? (Msomaji, Mombasa)

Si vibaya hata kidogo, na ningependa wengi wafanye hivyo. Tuchukue sentensi hii niliyoitunga kwa mtindo wa habari:

1976年7月,全长1860公里的坦赞铁路正式移交坦赞两国政府。

Kichina kinatanguliza maelezo yote, kisha 的, ndipo kinataja chenyewe: "yenye urefu wa kilomita 1860, reli ya Tanzania na Zambia". Kiswahili huanza na chenyewe: "reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860". Kwa hiyo ukiona 的, ruka mbele utafute jina linaloelezwa, liseme kwanza, halafu rudi nyuma uchukue maelezo kwa "yenye" au "iliyo-". Ukishaipata kwa Kiswahili, umeshajua nani kafanya nini, na Kiingereza kitakuja bila kukwaruza:

"In July 1976, the 1,860-kilometre Tanzania–Zambia Railway was formally handed over to the governments of the two countries."

Tazama kitenzi 移交. Hakina alama ya wakati uliopita wala ya kutendwa. Wakati umetoka kwenye tarehe, na kutendwa kumetoka kwenye akili: reli haiwezi kukabidhi, inakabidhiwa. Kiswahili kingekulazimisha kuandika "ilikabidhiwa", na hapo hapo ungekumbuka "was". Tena 坦赞 imetajwa mara mbili. Kiingereza hakipendi marudio hayo, mara ya pili "the two countries" inatosha.

Kwenye daftari usiandike 移交 peke yake. Andika 正式移交, "kukabidhi rasmi", pamoja na kilichokabidhiwa. Neno lililohifadhiwa na wenzake halipotei upesi.

Kuna siku Kiswahili kitakupa zawadi kabisa. Wachina husema 雨后春笋, machipukizi ya mianzi baada ya mvua. Sisi tunasema vitu vimeibuka kama uyoga, na Waingereza nao wana kitenzi "mushroom". Ukibaki na mianzi, msomaji wa Kiingereza atajiuliza shamba liko wapi.

Tarakimu zinanitoa jasho. Kuna njia fupi? (Msomaji, Kigoma)

Ipo. 万 ni elfu kumi, 亿 ni milioni mia moja. Ukiona 万, gawa kwa 100 upate milioni: 3500万 ni milioni 35. Ukiona 亿, gawa kwa 10 upate bilioni: 14亿 ni bilioni 1.4. Fanya kwa kalamu, usitegemee kichwa.

Hatari zaidi ni kuongezeka. 增加到两倍 ni kufika mara mbili ya awali, lakini 增加了两倍 ni kufika mara tatu. Na 翻两番 si mara mbili, ni mara nne. Katika miaka ya 1980 China ilijiwekea lengo la 翻两番 katika thamani ya uzalishaji wake kufikia mwaka 2000. Mfasiri aliyeandika "double" alilikata nusu lengo la taifa zima.

Je, nitumie programu za kutafsiri za kwenye simu? (Msomaji, Bujumbura)

Tumia, ila baada ya kumaliza yako. Weka tafsiri mbili pamoja, pigia mstari panapotofautiana, kisha rudi kwenye Kichina uamue nani yuko sahihi. Habari hiyo hiyo waweza kuitafuta pia kwenye idhaa ya Kiswahili ya Radio China Kimataifa, inayotangaza tangu 1961. Haitafuata sentensi yako neno kwa neno, lakini utaona wenzetu walivyoyashika majina na vyeo.