Macho mekundu ya bibi yangu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu anaweza kumjua mwenzake tabia kwa kumtazama macho na uso. Mume wangu anaapa kwamba inawezekana, eti mwizi hujulikana kwa macho. Mimi nasema hapana, na nitawaeleza kwa habari za bibi yangu mzaa baba.

Bibi anaishi kijijini Shinyanga. Tangu nipate akili macho yake ni mekundu. Ukitaka kujua kwa nini, ingia jikoni kwake alfajiri: kibanda cha udongo kisicho na dirisha, mafiga matatu, na kwa kuwa kuni ni za kutafuta mbali, anawasha mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake mzito, unamfuata aliyechutama. Anapuliza, anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anapuliza tena. Amefanya hivyo tangu usichana wake. Mimi nikikaa humo dakika kumi natoka kama niliyefiwa.

Sasa, kwetu Usukuma macho mekundu ya kikongwe yana tafsiri yake. Kwa miaka mingi, Shinyanga, Mwanza, Geita, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa hayo hayo macho. Mtoto akifa, ng'ombe wakifa, ndugu wanakwenda kwa mpiga ramli. Wala hana haja ya kutaja jina. Akisema tu ni mwanamke mzee, wa karibu, macho mekundu, kila mtu ameshajua wa kwao ni nani. Serikali inaiita ramli chonganishi. Jina zuri, ila halimlindi mtu usiku.

Mwaka mmoja mtoto wa jirani yake bibi aliugua akafariki. Hakuna aliyemtamkia neno. Watu waliacha tu kumwamkia kisimani. Wiki ya pili baba alikwenda kumchukua, akakaa kwa shangazi mjini miezi mitatu.

Halafu kuna hili la "anakwepesha macho, huyo muongo". Bibi huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba binti hamkazii mkubwa macho. Unapiga goti, unatazama chini. Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi nilijibu maswali yote nikiitazama meza. Baadaye mmoja wao akaniambia walinitilia shaka, nilionekana kama naficha kitu. Kazi sikupata.

Siku hizi ni wakala wa pesa za simu. Aliyeniliza laki mbili na nusu alikuwa na bashasha tele, shikamoo dada, ananitazama usoni bila kupepesa, kumbe meseji ya muamala ni ya kughushi. Tapeli anajua macho yanatakiwa yakaeje, ndiyo kazi yake. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walijumlisha matokeo ya majaribio mengi yaliyohusu watu zaidi ya 24,000: mtu akitakiwa kusema nani anadanganya, kwa kumtazama na kumsikiliza tu, hupatia mara 54 kati ya 100. Ukirusha shilingi hewani unapatia 50.

Sikatai kwamba uso unasema. Mteja anayekuja kutoa pesa za msiba namjua kabla hajafungua mdomo. Lakini hapo nimeona huzuni ya saa ile. Kama ni mkweli au mwizi, huzuni hainiambii.

Mwaka jana nilimpelekea bibi mtungi wa gesi. Anautumia kuchemshia chai ya wageni. Ugali, anasema, wa gesi hauna ladha. Basi nikamnunulia miwani myeusi, angalau akienda gulioni watu wasimkodolee. Majuzi shangazi kanipigia simu: kijijini wanauliza ni kitu gani anaficha.