Anko Jibu: Chuo kimoja majina saba, dogo anatupiga changa la macho?

SWALI: Anko shikamoo. Mdogo wangu yuko Chicago, alituambia kapata chuo cha serikali kinaitwa City Colleges of Chicago, tukafurahi. Sasa juzi katuma picha kasimama mbele ya jengo limeandikwa Harold Washington College. Namuuliza kulikoni, anasema ndo hichohicho, na eti rafiki yake anayesoma Malcolm X College naye wako chuo kimoja!! Baba anasema huyu mtoto anakula ada. Nikajaribu kusoma historia nikakutana na Crane, Herzl, Wilson, nikachoka kabisa. Chuo kipo kweli au tunapigwa? – Dada mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mzee ashushe presha, kwa hili la majina dogo kasema kweli (la ada siliingilii, hilo malizaneni wenyewe).

City Colleges of Chicago ni komyuniti koleji ya umma, yaani chuo cha miaka miwili kinachobebwa na kodi za wananchi, unatoka na digrii ya asosieti au cheti cha fani, halafu ukitaka unaunganisha chuo kikuu. Ndani yake kuna vyuo saba: Harold Washington, Malcolm X, Kennedy-King, Olive-Harvey, Truman, Daley na Wright. Kila kimoja kina mkuu wake, majengo yake na hata ithibati kinapewa kivyake na Higher Learning Commission (shirika linalokagua ubora wa vyuo), ila bodi ya juu ni moja. Kwa hiyo dogo na rafiki yake wote wako sawa.

Sasa hayo majina yaliyokuchosha. Komyuniti koleji ya umma iliyo kongwe kuliko zote Marekani iko Joliet, siyo mbali na Chicago, ilianza 1901 na wanafunzi sita. Chicago wenyewe wakafuata 1911, wakafungua Crane Junior College humohumo ndani ya sekondari ya ufundi ya Crane, wanafunzi 32, shabaha ikiwa mtoto wa mtu wa kawaida asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu huku analala kwao. Kikakua, kikajaa, halafu ukaja ule mdororo mkubwa wa uchumi, jiji halina hela, 1933 bodi ya shule ikakipiga kufuli. Watu wakaja juu kwelikweli, na mwaka uliofuata kikarudi, ila safari hii hakikurudi kimoja, vilirudi vitatu: Wright kaskazini, Herzl magharibi, Wilson kusini. Yaani huu mtindo wa kutawanya vyuo mji mzima unaowachanganya leo ulitokana na kufungwa kule. Na usidhani vilikuwa vyuo vya kubabaisha, mshairi Gwendolyn Brooks alimaliza hapo Wilson 1936, na 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani.

Miaka ya 60 ndo mambo yakachangamka. Jimbo la Illinois likatunga sheria ya vyuo hivi 1965, na mwaka uliofuata vikatolewa mikononi mwa bodi ya shule vikapata bodi yao. Huku nje Martin Luther King kauawa 1968, seneta Robert Kennedy naye mwaka huohuo, mitaa ya magharibi ya Chicago imeungua moto, wanafunzi weusi wanataka vyuo vilivyo mitaani kwao vifanane nao. 1969 Wilson kikawa Kennedy-King, na kile cha magharibi, ambacho kilianza kama Herzl kikaja kurithi jina la Crane, kikawa Malcolm X College. Ebu fikiria, Malcolm X, yule mpigania haki za weusi, ana miaka minne tu tangu auawe, serikali inamwona mchochezi, halafu chuo cha umma kinabeba jina lake! Mimi kwa maoni yangu hapo waandamanaji walishinda kitu kikubwa kuliko jengo.

Olive-Harvey watu wengi wanadhani ni jina la mtu mmoja. Ni wanajeshi wawili vijana wa Chicago waliofia Vietnam. Milton Olive alikuwa na miaka 18, Oktoba 1965 bomu la mkono likaangukia walipokuwa, akalidaka na kulilalia kwa mwili wake, wenzake wanne wakapona. Carmel Harvey alikufa 1967 kwa ushujaa wa aina hiyohiyo, wote walipewa nishani ya juu kabisa ya jeshi la nchi yao, wakiwa tayari wako kaburini.

Hicho cha dogo kiko katikati ya mji, treni za juu zinapita pale jirani, mwalimu akifundisha unasikia chuma kinanguruma. Kilianza 1962 kikiitwa Loop College. Harold Washington ndo meya mweusi wa kwanza wa Chicago, alichaguliwa 1983, akafariki akiwa kazini Novemba 1987, na chuo kikachukua jina lake. Daley naye alikuwa meya wa Chicago, Truman ni yule rais ambaye tume yake ya 1947 ilisukuma sana nchi ijenge komyuniti koleji nyingi, na Wright ni Wilbur wa ndege. Basi.

Kwa hiyo mzee akitaka uhakika asihangaike na jina la kwenye ukuta, amwambie dogo atume ripoti ya matokeo ya muhula, yenye masomo na krediti (yaani hesabu ya masomo aliyofaulu). Hiyo ndo inasema kama mtu anasoma au anazurura.

SWALI: Anko mambo. Mimi niko hukohuko Chicago, nakaa Uptown, nafanya kazi mchana na nataka unesi. Truman iko mlangoni kwangu, nijiandikishe hapo niishie hapo? – Mchapakazi

JIBU: Poa mdogo wangu. Uishie hapo, hapana. Jiji liliamua kila chuo kibebe fani yake, na mambo ya afya yamewekwa Malcolm X, kule jengo jipya lilifunguliwa 2016 kwa dola milioni 251 na ndani wametengeneza hospitali ya mazoezi, vitanda na kila kitu. Mapishi ni Kennedy-King, viwanda Daley, malori na usafirishaji Olive-Harvey.

Ila Truman usiidharau, ipo pembeni kabisa ya stesheni ya Wilson, unashuka kwenye treni uko darasani. Yale masomo ya kutangulia kama Kiingereza na baiolojia unaweza kuyafanya hapo jioni, halafu ndo uombe nafasi ya unesi Malcolm X. Kabla hujalipa hata senti kaa na mshauri wa wanafunzi, mwambie wazi nalenga unesi, akuandikie kozi zipi zinahesabika, maana wapo watu wanarundika krediti nzuri tu ambazo programu ya unesi haizihitaji. Na beba uthibitisho wa anuani yako, mkazi wa Chicago halipi sawa na mtu wa nje ya jiji.