Kabla Hujaitafuta Kamera, Jiko Likujue Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya kazi jikoni katika hoteli ya kitalii huku Pwani aliniandikia ujumbe mrefu. Amechoka kukata vitunguu, anasema, amechoka kuamrishwa, anataka kuwa na kipindi chake cha mapishi kwenye runinga. "Dada, nionyeshe njia ya mkato nitoke humu jikoni." Najua wengi wenu mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, kwa hivyo namjibu yeye na ninyi nyote kwa pamoja.

Mdogo wangu, usitoke jikoni bado.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mamangu alitulea kwa mahamri na mbaazi, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua unga uliokandwa vya kutosha ukiuminya unajibu vipi. Baadaye nikaenda Nairobi kusomea upishi Kenya Utalii College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Nakiheshimu sana chuo hicho, kimenipa nidhamu ambayo mpaka leo ndiyo inayonilisha. Ila na hili niliseme: katika fani yetu mtoto wa Pwani hufundishwa sosi za Kifaransa kabla hajaulizwa kama anajua kutenganisha tui zito na tui jepesi. Nilijifunza zote mbili, na sijuti.

Nilipoajiriwa hotelini nilipelekwa upande wa vyakula baridi. Kupanga saladi, kuchonga matunda, kupamba keki. Wanawake tuliwekwa huko. Kwenye moto walisimama wanaume, na mpishi mkuu wa wakati huo aliniambia mbele ya wenzangu kwamba jiko la hoteli si jiko la mamangu. Sikumjibu. Nilikuwa nikimaliza zamu yangu nasogea kwenye moto bila kulipwa, nasaidia kukaanga vitunguu vya biriani ya Ijumaa, nageuza samaki, nachuja supu. Miaka ikapita hivyo. Nilipokuja kuwa msaidizi wa mpishi mkuu, chini ya mpishi mwingine, si yule wa mwanzo, hakuna aliyeweza kusema nimebebwa.

Runinga ilinikuta hapo. Walikuja watu kurekodi habari za utalii, wakataka kuonyesha chakula cha Kiswahili, na mkubwa wangu hakuwa mtu wa kuongea. Akanisukuma mbele. Nilikuwa napika kuku wa kupaka. Nikawaeleza kwa nini kuku anachomwa kwanza ndipo anapakwa rojo la nazi, kwa nini ukwaju na ndimu vinasubiri, huku mikono ikiendelea na kazi yake. Mtayarishaji akaniuliza kama nimewahi kusimama mbele ya kamera. Sikuwahi. Nilikuwa nimesimama mbele ya moto.

Jamie Oliver, mpishi maarufu wa runinga wa Uingereza, naye alionekana kwa njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1997 alikuwa mpishi kijana katika mkahawa wa River Café, London, wapiga picha wakaja kurekodi kipindi kuhusu mkahawa wenyewe, na watayarishaji wakamwona akipika huku akizungumza. Kufikia 1999 alikuwa na kipindi chake BBC. Gordon Ramsay, Mwingereza mwingine, alipata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mikahawa, kwa mkahawa wake wa Chelsea, London, mwaka 2001, na kipindi chake cha runinga, Hell's Kitchen, kikaja 2004. Anthony Bourdain wa Marekani alimaliza chuo cha upishi mwaka 1978, akakaa kwenye majiko ya New York zaidi ya miaka ishirini, na kitabu kilichomtoa mwaka 2000 kilimkuta ameshapita miaka arobaini, akiwa mpishi mkuu wa mkahawa wa Les Halles. Ndipo runinga ilipomchukua, ikamfikisha hata kwetu: Kongo mwaka 2013, Tanzania 2014, na Kenya pamoja na mchekeshaji W. Kamau Bell, kipindi kilichoonyeshwa 2018 baada ya kifo chake. Kile cha Kongo kitazame kama mpishi. Anang'ang'ania kupika kuku wa mvinyo ndani ya boti, mtoni, giza limeshawaingilia, na bado anahangaikia sufuria yake kama mtu anayesubiriwa na wateja. Jambo hilo huwezi kuliigiza. Na kabla hatujaenda mbali, mwangalieni Ali Mandhry wetu wa Mombasa alivyopeleka mapishi ya Pwani kwenye runinga ya Kenya. Huoni mtu anayesoma karatasi pale.

Sasa nikwambie usichofundishwa jikoni. Mpishi wa hoteli huzoea kunyamaza. Akiongea, anaongea maneno mawili: "Tayari!" na "Moto!" Mbele ya kamera ukimya wa sekunde kumi ni mrefu mno. Na mtazamaji hanusi, haonji, hashiki. Lazima umpe vyote hivyo kwa mdomo. Wiki za kwanza za kipindi changu nilikuwa nasema "kaanga kitunguu mpaka kiive", na mtayarishaji ananisimamisha: kiive vipi? Nikarudi jikoni kujiangalia mwenyewe, nikagundua mimi hutumia masikio. Kitunguu kikiwa na maji, mafuta yanapiga kelele. Maji yakiisha, kelele inashuka na povu linatulia. Hapo ndipo unakaa macho. Vitunguu vya biriani unavitoa kabla havijafika rangi unayoitaka, kwa maana vinaendelea kuiva hata vikiwa kwenye sinia. Nilipoanza kueleza hivyo, akina mama wakaanza kuniandikia kwamba biriani zao zimebadilika. Hilo lilinifurahisha kuliko kuonekana.

Kwa hivyo zoezi la kwanza, nalo halina gharama: pika kila siku ukisema kwa sauti unachofanya na kwa nini unakifanya. Wenzako watakushangaa, waache.

Zoezi la pili ni kutosimama jambo likiharibika. Julia Child, mpishi na mwandishi wa vitabu vya mapishi wa Marekani, alialikwa mwaka 1962 kwenye kipindi cha vitabu huko Boston, akaja na jiko lake dogo akakaanga mayai palepale. Watazamaji wakakiandikia kituo wakitaka zaidi, na mwaka uliofuata akaanza kipindi chake mwenyewe. Siku moja akigeuza chapati ya viazi ikamwagika juu ya jiko. Akaizoa, akairudisha kwenye kikaango, akaendelea. Watu walimpenda kwa hilo. Mpishi aliyewahi kuhudumia karamu ya Jumamosi jioni na gesi ikamwishia katikati haogopi kitu cha namna hiyo. Aliyejifunzia kwenye kamera anaogopa kila kitu.

Studio yenyewe, mdogo wangu, ni kazi ya sulubu. Kipindi cha nusu saa hakiwezi kungoja nyama ilainike. Chakula kimoja unakipika katika sufuria tatu: moja mbichi, moja ya katikati, moja iliyoiva. Tulikuwa tunarekodi vipindi kadhaa kwa siku moja, kwa hivyo saa kumi alfajiri nilishakuwa nakuna nazi. Taa zinachoma, mvuke unaziba kioo cha kamera, sahani nyeupe inang'aa mpaka chakula hakionekani. Na malipo hayakufikia mshahara wangu wa hotelini. Kilichoniweka ni harusi, karamu za ofisi na mafunzo niliyowapa wapishi wa hoteli nyingine. Yote hayo nilipewa kwa sababu nilikuwa mpishi. Usiache jiko. Nitalirudia mpaka uchoke.

Halafu akaja mdhamini na viungo vyake vya pakiti. Kuvitia kwenye mchuzi wa kawaida sikuona vibaya. Walipotaka nivitie kwenye kuku wa kupaka, nilikataa. Nikawaambia chakula hicho nimefundishwa na mamangu, wanawake wa mji wangu wananitazama, na sitasimama mbele yao kuwadanganya kwamba ladha ile inatoka kwenye pakiti. Mkataba ulipoisha haukuendelezwa. Sikuitwa hata kuambiwa. Nilisikia kwa mtu wa mapambo. Nafasi yangu akapewa mtangazaji ambaye hajawahi kushika zamu jikoni hata moja. Bado inaniuma. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa na harusi ya kupika, moto wangu ulikuwa unawaka, na watoto wangu walikula.

Vijana wa leo mnataka kuonekana kabla ya kujua. Mnanunua taa na simu za bei kabla ya kununua kisu kizuri. Nakuomba uogope jambo hilo. Anayependwa kwa sura hubadilishwa sura nyingine ikipatikana. Mwenye kazi mikononi akifukuzwa huku, anaitwa kule.

Na siku ukiitwa, soma mkataba. Wangu ulisema jina la kipindi ni la kituo, na vyote vilivyorekodiwa ni vya kituo. Nilipoondoka waliendelea kuvirudia. Watu wananisimamisha Marikiti wakinipongeza kwa kipindi cha jana, na sijalipwa hata shilingi. Kwa hivyo uliza kabla ya kutia sahihi: kikirudiwa nalipwa? Kikiwekwa kwenye intaneti je? Jina la kipindi ni la nani? Mapishi haya nikitaka kuyatolea kitabu, nitahitaji ruhusa? Mdhamini ana haki ya kuamua ninachotia kwenye sufuria? Majibu yote yawe kwenye maandishi, na mtafute wakili ayasome, hata kama anayekuahidi ni mtu mnayekula naye sinia moja.